Mashine Ijibuyo na Mtoto Aulizwaye



Safari hii twapenda kuzungumza na wazazi na vijana juu ya jambo lililokwisha ingia majumbani mwetu kabla hatujakaa kulipima. Mtoto arudi skuli na hesabu kumi za kufanya. Zamani alikuwa akiinama juu ya daftari, akipiga hesabu, akifuta, akimwuliza nduguye mkubwa, akifuta tena. Leo ashika simu, apiga picha karatasi ya maswali, na kabla chai haijapoa majibu yote kumi yamo mbele yake, na njia zake zimepangwa kwa uzuri. Anakili, afunga daftari, aenda kucheza. Mama aona mwanawe amemaliza kazi mapema, afurahi. Baba aona alama za kazi za nyumbani zapanda, afurahi zaidi. Basi swali letu ni hili: je, mtoto huyo amesoma?

Hatukuja kuiharimisha simu wala kompyuta. Dini yetu haiogopi elimu wala chombo cha elimu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi zake Baghdad katika karne ya tisa ya Miladi, ndiye aliyeandika kitabu cha hisabu ambacho Wazungu walichukua kutoka kwake jina la aljebra. Na kutokana na jina lake mwenyewe wakapata neno algorithimu, yaani ule mpango wa hatua kwa hatua ambao kompyuta huufuata katika kila kazi yake. Tutakuwa watu wa ajabu tukiikimbia mashine ambayo jina la Mwislamu limo ndani yake. Lakini kila chombo kina mahali pa kushikwa. Kisu hushikwa kwa mpini, na mwenye kukishika kwa makali hawezi kukilaumu kisu.

Mashine tuizungumzayo ni hii ambayo Kiswahili cha leo chaiita akili mnemba, na wengine huiita akili bandia. Iliyo mashuhuri zaidi ni ChatGPT, ambayo kampuni ya Marekani iitwayo OpenAI iliitoa kwa watu wote mwezi wa Novemba 2022. Kazi yake kwa ufupi ni hii: imelishwa maandishi mengi mno, na katika maandishi hayo imejifunza neno gani aghalabu hufuata neno gani. Ukiiuliza, hupanga jibu kidogo kidogo kwa kukisia lipi lafaa kufuata. Kwa kuwa ililishwa maandishi mengi, makisio yake mara nyingi huwa sahihi na ya kupendeza. Lakini haina moyo wa kuogopa uongo wala haya ya kupotosha mtu, na inapokosea hukosea kwa lugha ile ile fasaha iliyosemea kweli.

Sasa tuwaelezeni jaribio moja lililofanywa katika nchi ya Waislamu wenzetu, Uturuki. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania cha Marekani, wakiongozwa na Hamsa Bastani, walikwenda katika skuli moja ya sekondari huko, wakawachukua wanafunzi karibu elfu moja wa darasa la 9, la 10 na la 11, na matokeo yao yakatolewa katika jarida la Chuo cha Sayansi cha Marekani mwaka 2025. Somo lilikuwa hisabu. Mwalimu alieleza mada kama ada, kisha wanafunzi wakapewa maswali ya kufanyia mazoezi, kisha wakafanya mtihani mfupi, kitabu kimefungwa, daftari limefungwa, wala mashine haipo.

Katika wakati wa mazoezi waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilikuwa na vitabu na madaftari yao tu, kama walivyosoma baba zao. Kundi la pili lilipewa mashine ya kawaida, ijibuyo kila iulizwacho. Kundi la tatu lilipewa mashine ile ile, lakini hiyo iliwekewa sharti: isitoe jibu, bali imwongoze mwanafunzi kwa dokezo baada ya dokezo. Tena walimu waliipa majibu sahihi ya kila swali pamoja na makosa ambayo wanafunzi hupenda kuyafanya.

Wakati wa mazoezi mambo yalikuwa matamu sana. Alama za wenye mashine ya kawaida zilizidi za wasio na mashine kwa asilimia 48. Na za wenye mashine yenye sharti zilizidi kwa asilimia 127, yaani zaidi ya maradufu. Lau jaribio lingekomea hapo, kila mzazi angekimbia dukani kununua simu. Lakini mashine ziliondolewa, mtihani ukaja, na kila mtu akabaki na kile kilichomo kifuani mwake. Hapo wale wenye mashine ya kawaida walianguka chini ya wale ambao hawakuiona mashine kabisa, kwa asilimia 17. Wenye mashine yenye sharti hawakuanguka. Walikuwa takriban sawa na wenzao wa vitabu.

Zingatieni vizuri, wasomaji wetu. Watoto hawa wa kila darasa walisoma mada zile zile kwa muda ule ule. Waliopata msaada mkubwa wa kupata majibu ndio waliotoka na elimu ndogo. Na wataalamu walipotazama waliyokuwa wakiiandikia mashine, waliona wengi walikuwa wakitaka jibu tu. Tena lililo zito zaidi ni kwamba mashine ile ya kawaida ilikuwa ikitoa jibu sahihi karibu nusu tu ya nyakati. Mwanafunzi aliyekuwa akisoma kweli angeliona kosa na kulikataa. Aliyekuwa akinakili alinakili kosa pamoja na sahihi, kwani hakuwa na mizani ya kupimia.

Na kuna jambo jingine ndani ya habari hii ambalo latutia hofu kuliko ile asilimia 17. Wanafunzi hao walipoulizwa baada ya mtihani, wale walioanguka hawakuhisi kuwa wameanguka. Walidhani wamefanya kama wenzao. Mgonjwa anayesikia maumivu hutafuta tabibu. Lakini huyu ugonjwa wake hauumi. Amepokonywa kitu na hajui kuwa hanacho.

Huenda msomaji akauliza: imekuwaje msaada ukageuka hasara? Jawabu lake limo katika jaribio jingine la zamani kidogo, nalo latuhusu sisi Waswahili kwa njia ya ajabu, kwa sababu lilifanywa kwa lugha yetu.

Mwaka 2008 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi huko Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walitoa katika jarida la Science habari ya wanafunzi wa chuo kikuu waliofundishwa maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Kiswahili kilichaguliwa kwa kuwa wanafunzi wale walikuwa hawakijui hata kidogo. Wakaonyeshwa kwa mfano neno mashua na maana yake, kisha baadaye wakaulizwa: mashua ni nini? Wote walirudia mpaka wakayapata maneno yote. Tofauti ilikuwa hapa: neno likisha patikana mara moja, makundi mengine yaliendelea kulitazama neno hilo pamoja na maana yake bila ya kuulizwa tena, na makundi mengine yaliendelea kuulizwa neno hilo, hata kama hawalitazami tena.

Wakaachwa wiki moja, kisha wakaitwa. Wale walioendelea kuulizwa walikumbuka kiasi cha asilimia 80 ya maneno. Wale walioachwa kuulizwa walikumbuka asilimia 36 au chini yake kidogo, ijapokuwa baadhi yao waliyatazama maneno yale tena na tena. Kule kutazama tena neno ulilokwisha lipata hakukuongeza takriban chochote. Kule kuulizwa ndiko kulikolitia neno kifuani. Na hapa pia wanafunzi walipotakiwa kukisia watakumbuka mangapi, makundi yote yalikisia karibu nusu. Hakuna aliyejua njia yake ni nzuri au ni mbaya.

Basi hii ndiyo siri yenyewe. Watu wengi hudhani kujifunza ni kutia ndani, kama mtu atiavyo maji mtungini: ukitia mengi, mtungi hujaa. Kumbe elimu hukaa kwa kutolewa. Kila mara akili inapohangaika kulitafuta jambo na kulitoa, njia ya kulifikia jambo hilo huzidi kukanyagwa na kuwa pana, kama njia ya shamba ipitwayo kila siku. Njia isiyopitwa huota majani. Mtoto apewaye jibu kabla hajalitafuta hakupita njiani. Amebebwa mgongoni usiku, amelala, akaamshwa mlangoni. Mwambie kesho aende peke yake, hajui hata pa kuanzia.

Wazee wetu hawakuwa na hesabu za asilimia, lakini jambo hili walilijua, kwani walilipokea kutoka kwa Mtume wao. Yamepokewa katika hadithi sahihi kwamba Jibrili alikuwa akikutana na Mtume (S.A.W.) katika mwezi wa Ramadhani wakidurusu Qurani pamoja, na katika mwaka aliofariki Mtume waliidurusu mara mbili. Ikiwa yule aliyeteremshiwa wahyi alidurusu, ni nani katika sisi atakayesema haimlazimu kudurusu? Na Mtume mwenyewe alimfananisha mtu wa Qurani na mwenye ngamia waliofungwa kamba: akiwaangalia atabaki nao, akiwaacha watamkimbia.

Tena Mtume (S.A.W.) alikuwa akifundisha kwa kuuliza. Siku moja aliwauliza masahaba juu ya mti usiopukutika majani, mfano wake ni mfano wa Mwislamu; ni mti gani huo? Watu wakaenda na fikira zao mpaka kwenye miti ya majangwani. Abdallah bin Umar, ambaye alikuwa kijana, ilimjia moyoni kuwa ni mtende, akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Kisha Mtume akawajulisha kuwa ni mtende. Angaliweza kuwaambia tangu mwanzo, na pengine wangalisahau. Aliwaacha kwanza watafute, na hadithi hiyo ingali ikisomwa mpaka leo. Na Umar alipojua kuwa mwanawe alikuwa na jawabu, alisema angependa lau angelisema. Hili ni somo kwa wazazi wanaowanyamazisha watoto mbele ya watu wazima.

Na chuoni kwetu mtoto husomeshwa aya zake leo, na kesho hupita mbele ya mwalimu azisome kwa moyo kabla hajapewa nyingine. Hilo ndilo jaribio la maneno ya Kiswahili, lililokuwa likifanywa juu ya mikeka yetu kabla halijafanywa Marekani. Lakini haki isemwe hata ikituuma. Katika baadhi ya vyuo watoto thelathini husoma kwa sauti moja mpaka paa latetema, na mtoto asiyejua hujificha ndani ya sauti za wenziwe, akifungua na kufunga mdomo. Huyo naye amebebwa mgongoni, ijapokuwa hapana mashine. Aibu ya mashine ijibuyo na aibu ya kuitikia kwa pamoja ni moja: zote mbili humficha asiyejua, zikamwonyesha kuwa ajua. Dawa yake pia ni moja, nayo ni mtoto mmoja kuulizwa peke yake na kusubiriwa ajibu.

Hapa twataka kuwa waadilifu kwa mashine. Kuna majaribio mengine ambamo imeleta kheri. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, wanafunzi 194 wa fizikia walijaribiwa kwa zamu: somo moja kwa mwalimu darasani, somo jingine kwa mashine nyumbani. Katika masomo ya mashine walijifunza zaidi, na kwa muda mfupi zaidi, kama ilivyotolewa katika jarida la Scientific Reports mwaka 2025. Na huko Nijeria, katika mji wa Benin wa jimbo la Edo, mwaka 2024 wanafunzi wa sekondari walikaa wiki 6 baada ya saa za masomo wakijifunza Kiingereza kwa msaada wa mashine, na Benki ya Dunia ikaandika matokeo yake: waliohudhuria waliwapita wenzao, na kila aliyehudhuria zaidi alizidi kufaidika.

Lakini tazameni masharti. Mashine ya Harvard ilitengenezwa na walimu wenyewe wa somo hilo: iliamrishwa iende hatua moja moja, isimwage jibu lote, na iliwekewa majibu sahihi ili isikisie. Na huko Nijeria mwalimu alikuwa pamoja na watoto, akiwapangia swali la kuanzia na kuwaongoza. Katika kila mahali mashine ilipofaa, palikuwa na mtu mzima aliyeifunga kamba, na mwanafunzi ndiye aliyefanya kazi. Na mahali ilipodhuru, mashine ndiyo iliyofanya kazi na mwanafunzi akatazama.

Twawasikia vijana wetu wakisema: "Kwa nini tujichoshe kukumbuka, na kila kitu kimo simuni?" Swali hili si la kudharau, na twalijibu kwa mambo matatu.

La kwanza, asiyejua hawezi kumrekebisha anayekosea. Mmekwisha ona ya Uturuki: nusu ya majibu yalikuwa makosa na walionakili hawakujua. Na katika dini hatari ni kubwa zaidi, kwani mashine hizi zimekwisha onekana zikitunga maneno na kuyaita hadithi, zikayapa na jina la kitabu na nambari ya hadithi isiyokuwapo. Maulamaa wetu walisafiri miezi ili kuhakikisha hadithi moja imetoka kwa nani; sisi tusipokee dini yetu kwa chombo kisichojua kilitoa wapi. Fatwa huulizwa kwa mwenye elimu anayemcha Mungu, na hadithi hutazamwa kitabuni.

La pili, fikira hujengwa kwa vilivyomo kichwani. Seremala haazimi msumeno kwa jirani kila anapotaka kukata ubao mmoja. Mwenye kujua jedwali za kuzidisha huona njia ya hesabu ngumu. Asiyezijua hukwama kwenye hatua ndogo, akili yake ikachoka kabla haijafika penye kazi yenyewe. Nguo ya kuazima haisitiri.

La tatu, kuna mahali ambapo simu haiingii. Imamu asahau aya katika sala, na nyuma yake zimo safu tatu za watu wazima. Atakayemkumbusha ni yule aliyeihifadhi aya hiyo kifuani. Mgonjwa wako yu katika sakarati usiku, ataka kusomewa. Hapo hapana wakati wa kutafuta chaji. Na kila mtu ataingia katika chumba cha mtihani, kisha katika kazi, kisha katika kaburi lake, na kile alichonacho tu.

Baada ya maneno haya yote, wazazi watuulize: basi tufanye nini? Twaleta hapa mambo manne, na kila nyumba yaweza kuyafanya, yenye simu na isiyo na simu.

Kwanza, iwe kanuni ya nyumba kwamba mtoto ajaribu kabla ya kuuliza. Aandike jibu lake, liwe sahihi au kosa, kisha ndipo aruhusiwe kulilinganisha na la mashine au la kitabu. Akiona amekosa, aeleze kwa mdomo wake amekosea wapi. Kosa alilolitafuta mwenyewe lina faida kuliko sahihi aliyopewa.

Pili, mashine igeuzwe iwe muulizaji. Kijana aiandikie hivi: usinipe jibu, niulize swali moja moja juu ya mada hii, ungoje nijibu, kisha unionyeshe kosa langu. Itatii. Lakini mzazi akumbuke kuwa sharti lililowekwa na mtoto huondolewa na mtoto huyo huyo, basi mashine itumiwe ukumbini mbele za watu, isiwe chumbani mlango umefungwa. Na hukumu ya sahihi na kosa irudishwe kitabuni na kwa mwalimu.

Tatu, tumieni vijikaratasi. Mwandishi mmoja wa Ujerumani, Sebastian Leitner, alieleza njia hii mwaka 1972 na haitaki umeme. Katika kila kijikaratasi andika swali upande mmoja na jawabu upande wa pili: neno la Kiarabu na maana yake, nguzo za udhu, mwanzo wa aya na ukamilifu wake, jedwali la saba. Tafuta makasha matatu, hata ya viatu. Karatasi zote zaanzia kasha la kwanza, ambalo huulizwa kila siku. Mtoto akijibu sawa, karatasi yahamia kasha la pili, ambalo huulizwa kila siku ya tatu. Akijibu sawa tena, yaenda kasha la tatu, mara moja kwa wiki. Akikosa, popote ilipo, yarudi kasha la kwanza. Hivyo anachokijua hakimpotezei wakati, na asichokijua hakimwachi. Mwenye kompyuta au simu ya Android aweza kupata bure programu iitwayo Anki, ifanyayo kazi hiyo hiyo na kuhesabu siku yenyewe.

Nne, kudurusu kugawanywe katika siku. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu alichokitoa mwaka 1885, alijijaribu mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaona kuwa kusahau huenda mbio mwanzoni kisha hupunguza mwendo. Na marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 ya siku moja. Mtoto akeshaye usiku mmoja kabla ya mtihani atumia nguvu nyingi kwa faida ndogo. Robo saa kila siku baada ya Magharibi yatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Na hapa twasema neno na akina mama na wazee ambao hawakupata kusoma skuli, wakadhani hawana la kuwasaidia watoto wao. Mnalo, tena kubwa. Kumwuliza mtoto hakuhitaji kujua jawabu. Shika kijikaratasi, au mwambie tu: "Mwanangu, nieleze ulichosomeshwa leo, nami nifahamu." Akieleza, ametoa, akikwama, amejua pa kurudi. Ile robo saa ambayo bibi amsikiliza mjukuu wake jikoni yaweza kumfaa kuliko saa nzima ya simu iliyo ghali.

Nanyi vijana, msidanganywe na wepesi. Mlilosikia ni kweli: mashine hizi zitakuwamo katika kila kazi mtakayoifanya. Lakini ofisini haketi mtu kwa kunakili, kwa sababu kunakili mashine yajiweza. Atahitajiwa yule ajuaye kuona kuwa mashine imekosea. Na huyo hapatikani ila kwa njia ile ya zamani: kujaribu, kukosa, kuulizwa, na kujaribu tena. Mkihisi uzito mnapolitafuta jambo akilini, msikimbie. Uzito huo ndio kusoma kwenyewe.

Basi usiku wa leo, mtoto atakaposema amemaliza kazi yake, msimtazame daftari peke yake. Mfungieni daftari, iwekeni simu pembeni, mmwulize swali moja katika yale kumi, na mmpe muda wa kufikiri.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awafanye watoto wetu wawe na vifua vyenye nuru, na atulinde na elimu isiyopita karatasini. Amin.